Bunduki Isiyotoa Sauti

Nimesikia kazi yetu ya kupiga kunguru mjini imepata vijana wapya, na kwamba mmekabidhiwa bunduki za upepo za kisasa, zenye darubini juu. Mmoja wenu ni jirani yangu hapa Kikwajuni. Ijumaa tulipotoka msikitini alinishika mkono akaniuliza, "Babu, ilikuwaje siku ya kwanza ulipoishika?" Nikamwambia swali lake zuri, lakini mimi nimesimama juani. Sasa nimekaa, nna kalamu na nna chai, basi nakuandikieni nyote.

Watu watakuchekeni, hilo mlijue mapema. Mtu mzima na ndevu zake, kazi yake kupiga kunguru! Mimi walinicheka miaka ishirini na kidogo. Anayecheka hajaona kunguru akimaliza vifaranga vya mama mmoja asubuhi moja, kimoja kimoja, huku mama mwenyewe anapiga makelele na ufagio mkononi. Hajaona mtoto aliyeparurwa utosini kwa sababu tu amepita chini ya kiota. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Unguja. Aliletwa na watu zamani, akaona pazuri, akazaana, na ndege wetu wadogo wakaanza kupotea bustanini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Khamis, Mtumbatu mrefu, mwembamba, mwenye uwezo wa kukaa juu ya paa la bati saa mbili bila kujikuna. Bunduki yetu wakati huo ilikuwa ya kukunja. Unaukunja mtutu kwa nguvu mpaka springi ya ndani ikaze, unatia risasi moja ndogo kama punje ya choroko, unaurudisha mtutu, ndipo unapiga. Ililia paa! Paka wa mtaa mzima wakakimbia, na akina mama wakatoa vichwa madirishani kuuliza nani kafa. Nguvu yake lakini ilikuwa ndogo. Hatua ishirini kunguru huanguka. Hatua arobaini hujikung'uta manyoya tu, akakugeukia, akakutukana kwa lugha yake.

Na kunguru hasahau sura. Hilo halijabadilika, msidhani darubini imelibadilisha. Ukishampiga mmoja, wenzake watakujua wewe, kofia yako na mwendo wako, na kila ukitokea watapiga kelele mtaa mzima. Mzee Khamis aliwahi kuvaa buibui la mkewe ili awakaribie kunguru wa soko la samaki. Kunguru walihadaika. Wauza samaki hawakuhadaika. "Shikamoo Bi Khamis!" mmoja alimpigia kelele, na soko zima likaanguka kwa kicheko, na kunguru wote wakaruka. Mzee Khamis alirudi ofisini na buibui kwapani, akasema kwa utulivu kabisa, "Siku nyengine nitavaa na viatu vya kike."

Lakini katika jambo moja hakuwa na mzaha. "Kunguru utamuona tu," alikuwa akiniambia. "Usipoteze macho kwake. Tazama nyuma yake kuna nini." Mwanzoni nilitazama kwa sababu nilimwogopa. Baadaye nilitazama kwa mazoea. Miaka ilivyokwenda, na kwa kuwa risasi ya bunduki yetu ile haikuweza hata kumtoboa kunguru ikatokea upande wa pili, nikawa natazama kwa mdomo tu: nasema nimetazama.

Mzee Khamis alipokwisha kustaafu, ndipo ilipokuja bunduki mpya.

Ililetwa ndani ya sanduku jeusi gumu, na ndani yake sponji lililokatwa kwa umbo la bunduki yenyewe, ikalala humo kama mgonjwa wa chumba cha peke yake. Mtaalamu mgeni alikaa nasi siku mbili, akatuonyesha, akaondoka. Mkuu wetu wa kazi, mtu wa haraka haraka, aliifungua mezani. Nilipoinyanyua nilishtuka kwanza kwa ubaridi wake, halafu kwa namna ilivyokaa begani, kama kwamba mtu alinipima bega langu nikiwa nimelala. Haikuwa na springi. Chini ya mtutu kulikuwa na mtungi mwembamba unaojazwa hewa kutoka kwenye chupa kubwa, zile wanazovaa wapiga mbizi, na geji ndogo ya kuonyesha hewa iliyobaki. Kidole changu kilikuwa kimezoea kifyatulio cha zamani, ulichokivuta kama unavuta ndoo kisimani. Hiki kipya nilisema nakigusa tu, kumbe kimeshafyatuka. Namshukuru Mungu haikuwa na risasi.

Kisha nikatia jicho kwenye darubini, nikatafuta kunguru aliyekaa juu ya nguzo ya umeme nje. Nikaona jicho lake. Sikuona kichwa wala mdomo, niliona jicho, na lilipopepesa nikauondoa uso wangu kwa aibu, kana kwamba nimekamatwa nikichungulia chumbani kwa watu.

Niliipenda palepale. Siwaongopei. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na niliipenda bunduki ile kama mtoto anavyopenda baskeli ya Sikukuu.

Hapa nikutajieni mwenzangu, Bi Mwanaidi. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja mwenye bunduki na mmoja mwenye macho. Yeye ndiye alikuwa macho. Husimama chini, husimamisha wapita njia, hukagua madirisha na mapaa. Akiinua mkono, subiri. Akiushusha, piga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Mangapwani, mwenye sauti ya chini. Wakati mimi naipapasa bunduki, yeye alikuwa amekaa pembeni na kitabu cha maelekezo, anakisoma ukurasa kwa ukurasa.

Bahati yetu. Siku ya pili baada ya mtaalamu kuondoka nilichukua kijichupa cha mafuta ya nazi, yale tuliyokuwa tukipakia bunduki ya zamani isishike kutu kwa hewa ya chumvi, nikataka kutia tone pale hewa inapoingilia. Bi Mwanaidi alinishika mkono.

"Unafanya nini, Bwana Makame?"

"Naitia mafuta."

"Hewa iliyobanwa hivi ikikutana na mafuta inaripuka. Imeandikwa hapa. Unataka kutuuwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi na nyinyi shikeni hilo: nje ipanguseni kwa kitambaa kikavu kila mnaporudi kazini, lakini kwenye mlango wa hewa msitie kitu. Na mnapoijaza, fungueni chupa polepole, mtungi usipate joto.

Tuliijaribu kwenye machimbo ya mawe, njia ya Chwaka. Nilisimamisha kibiriti mbele ya kifusi, nikahesabu hatua hamsini, nikalala kifudifudi. Risasi tano. Tulipokwenda kutazama, kibiriti kilikuwa na tundu moja tu, kubwa kidogo kuliko risasi moja. Zote tano zilipita mlango mmoja. Nilikitia mfukoni nikawaonyesha watu wiki nzima, mpaka muuza kahawa akaniambia, "Makame, nshakiona."

Pale machimboni Bi Mwanaidi alisema, "Hatujui hii ina nguvu gani. Tutafute ubao tupige tuone."

Nikasema, "Kesho."

Kesho hiyo hatukuifanya.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa kwenye skuli ndogo ya watoto, ndani ya Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Uani kwao kuna mti wa mkungu, na kunguru wawili walikuwa ndio kwanza wanajenga kiota. Katikati ya wiki walikuwa wamempiga mtoto mmoja kichwani mpaka damu. Siku hiyo skuli imefungwa, uani hakuna mtu. Mwenye nyumba ya jirani aliniruhusu kupanda juu ya paa lake la saruji, na Bi Mwanaidi akabaki chini kwenye geti la skuli. Ilikuwa saa tatu asubuhi, hapana upepo, jua liko nyuma yangu. Mpigaji asingeomba zaidi ya hapo.

Kunguru wa kwanza alitua juu ya ukuta wa ua, ule mrefu wa upande wa pili. Nikamtia kwenye darubini. Nyuma yake, hatua kama ishirini mbele zaidi, kulikuwa na nyumba ya ghorofa mbili yenye dirisha la mbao la kijani. Dirisha limefungwa. Nikajiambia, limefungwa, tena ni mbao. Risasi haitafika, na ikifika haitakwaruza hata rangi. Nikatupa jicho chini. Bi Mwanaidi alikuwa ameinua mkono. Kulikuwa na mwanamke na mtoto wanapita kwenye uchochoro, anawasubiri wapite.

Kunguru akakunja magoti. Nyinyi mtaijua dalili hiyo: ndani ya nukta atakuwa ameruka.

Nikapiga.

Haikulia. Ilitoa sauti ya mtu anayetema mbegu ya ubuyu, basi. Kunguru alibaki amesimama kitambo cha kuvuta pumzi moja, kama hajaguswa, kisha akainamia mbele akaangukia uani. Nilitabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa bado na tabasamu hilo usoni nilipoona, kwenye dirisha la kijani, kitone cheupe ambacho hakikuwapo. Mbao iliyovunjika hivi punde huwa nyeupe.

Nikaweka darubini kwenye kitone. Kilikuwa tundu.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke kutoka ndani ya nyumba ile. "Nassor! Nassor! Nijibu! Yarabi, Nassor, nijibu!"

Wanangu, mkono wangu wa kulia uliganda. Na katika kuganda kule likanijia wazo, nami nakuambieni kama lilivyokuja, nisijifanye mwema. Wazo lilisema: bunduki haikulia. Hakuna aliyesikia. Sanduku limefanana na la fundi wa televisheni. Shuka, pita uchochoro wa nyuma, nenda zako.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama getini, ananitazama. Mkono wake ulikuwa bado juu. Hakuwa ameushusha. Akaona dirisha, akanitazama tena. Nilidhani atanipigia kelele. Alisema kwa sauti ileile yake ya chini, ila mara hii niliisikia mpaka juu ya paa, "Toa risasi kwanza. Ifunge. Halafu ushuke."

Nikatoa kijaluba, kile kikasha kidogo cha risasi, nikafungua chemba nikachungulia kama hakuna iliyobaki, nikaitia bunduki sandukuni, nikafunga kufuli. Na sauti ile ng'ambo iliendelea: "Nassor! Nassor!"

Tulikimbia. Mlangoni nikapiga hodi. Nikapiga tena. Sauti ya mama ikatoka juu, "Pandeni! Mlango uwazi! Pandeni, jamani!"

Ngazi za nyumba ile ni za kusimama, nyembamba, giza. Nilizipanda nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na zote zilikatika katikati.

Chumbani kulikuwa na kitanda kimesogezwa karibu na dirisha. Amelala mzee, mkubwa wa mwili, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Shavu lake la kushoto lilikuwa jekundu na damu imeingia kwenye mto. Macho yake yalikuwa wazi. Yakageuka, yakanitazama.

Alikuwa hai.

Mkewe, Bi Time, mwanamke mfupi aliyejifunga kanga kifuani, alikuwa amemshika kichwa. Alituambia kwa pumzi za juu juu kwamba mumewe, Maalim Nassor, alisomesha skuli maisha yake yote, na kwamba kiharusi kilimchukua upande wa kulia na karibu maneno yote. Ndiyo maana hamjibu. Hajibu siku zote, lakini leo hata kumtazama alikuwa hamtazami.

"Kuna mtu katupa jiwe," alisema. "Limevunja dirisha. Nnayasikia majitoto kila siku chini hapo. Nisaidieni, jamani, macho, tazameni jicho lake."

Jiwe. Yule mama alinifungulia mlango wa kutokea bila ya mimi kuuomba. Nilimtazama Bi Mwanaidi. Yeye alikwisha piga magoti, anamfuta Maalim kwa ncha ya mtandio wake, wala hakuniangalia. Kitu kilichomchoma kilikuwa kibanzi cha dirisha, kirefu kama sindano ya kushonea magunia, kimeingia shavuni. Kutoka kwenye jicho ni upana wa kidole kimoja. Na risasi yenyewe nikaiona ilipo: imejizika kwenye ubao wa kitanda, juu ya mto, shibiri moja kutoka kichwani kwa mtu.

"Si jiwe, Bi Time," nikasema.

"Ni nini?"

"Ni risasi. Ya bunduki ya upepo. Mimi ndiye niliyepiga. Nilikuwa juu ya paa lile, nampiga kunguru."

Akanitazama kama hajafahamu lugha. "Wewe?"

"Mimi."

"Umempiga mume wangu."

"Kibanzi cha dirisha ndicho kilichom..."

"Usinipunguzie," akasema.

Chini uchochoroni kulikuwa na mtu anasukuma gari la mkono, magurudumu yanalia, na sisi wote mle chumbani tukalisikiliza mpaka likapita.

"Mnyanyue," Bi Time akasema. "Mkono huo huo uliopiga, utie chini ya mabega umnyanyue, tumpeleke kwa daktari."

Nilimbeba mgongoni. Ngazi zile za kusimama nilizishuka moja moja, Bi Mwanaidi mbele yangu akinishika kiuno, Bi Time nyuma akimshika mumewe asiteleze. Uzito wake wote ulikuwa shingoni kwangu. Nilikuwa nazisikia pumzi zake sikioni, nzito, na damu yake ilinidondokea kwenye kola. Kila ngazi niliomba ile pumzi isikatike. Sijabeba kitu kizito namna ile, na nimewahi kuwa mpagazi bandarini.

Daktari aliuliza nini kimetokea. Nikasema. Alitoa kibanzi, akashona nyuzi nne, akasema jicho limesalimika. Nilitoka hapo nikaenda kwa sheha wa mtaa, nikasema tena. Nikaandika maelezo polisi, nikasema mara ya tatu. Mtu anaweza kufikiri kwamba kusema kunakuwa kwepesi kila unaporudia. Kwangu kila mara kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu kila aliyesikiliza aliuliza jambo lile lile: mwenzako alikuwa amekuruhusu?

Mkuu wetu alishika kichwa. "Bunduki haijamaliza hata mwezi! Watatunyang'anya, Makame."

"Na watunyang'anye," nikasema.

Haikunyang'anywa, ilifungiwa kabatini. Siku zile mimi na Bi Mwanaidi ndipo tulipofanya ile kazi ya "kesho". Aliitoa bunduki kabatini kwa ruhusa, tukarudi machimboni na mbao za kila namna. Tuliweka papai bivu mbele, ubao nyuma. Risasi ilipita papai, ikapita ubao, ikazama kwenye kifusi nyuma yake. Tulisogeza mbali. Ikapita tena. Bi Mwanaidi alikuwa anaandika kwenye daftari na wala hakunilaumu hata kwa jicho. Ningependa angenilaumu.

Mzee Khamis alinilaumu kwa namna yake. Alikuja nyumbani, nikamtilia chai, nikamweleza yote. Hakuuliza habari za bunduki mpya, ingawa najua alikuwa anatamani kuiona. Aliuliza moja tu. "Bi Mwanaidi alikuwa ameshusha mkono?"

"Hapana, mzee."

Akaweka kikombe, akachukua bakora yake, akaondoka. Hakusema na mimi mpaka Mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Baada ya wiki mbili Bi Time alimtuma mtu ofisini. Nilifikiri ni mashtaka. Ujumbe ulikuwa kwamba yule kunguru wa pili amekuwa na hasira, analia kwenye mkungu tangu alfajiri mpaka magharibi, Maalim halali. "Mwambieni yule aliyeanza aje amalize."

Mkuu akanikabidhi bunduki na sharti jipya, ambalo nyinyi mmelikuta limebandikwa ukutani na huenda mnaliona la kuchosha: hupigi ila nyuma ya kunguru kuna udongo, na hupigi ila mkono umeshuka. Watoto walikuwa wameshafunga skuli kwa likizo. Tukaizunguka, tukapima kila paa. Mahali pamoja tu palitazama uani kutoka juu, ukapiga kuelekea ardhini. Ni dirisha la kijani.

Kwa hivyo nikaingia tena chumba kile, safari hii na sanduku mkononi. "Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba," akasema. Alikuwa amesogeza kitanda pembeni na kumkalisha Maalim kwa mito. Kovu lilikuwa bado jekundu. Nilipofungua sanduku nilimwona mzee anaitazama bunduki, kisha ananitazama mimi, kisha bunduki tena. Nilitaka kumwomba radhi kwa mara nyengine nikaona maneno yangu hayana kazi mle ndani. Nikapiga goti dirishani.

Kunguru alikuja upesi. Akatua ukutani. Ukuta ule ule. Nyuma yake paa la watu. Sikupiga. Akahamia tawini, manyoya yanang'ara, shabaha nzuri kuliko zote. Nyuma ya tawi kuna mlango wa jiko la skuli.

"Mbona hupigi?" Bi Time akauliza nyuma yangu.

"Kuna mlango."

"Umefungwa."

"Ndiyo, Bi Time. Umefungwa."

Hakuuliza tena. Tulikaa mpaka adhuhuri, kunguru akaenda zake, nikafunga sanduku. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu goti langu lilikufa ganzi na kunguru hakushuka ardhini hata mara moja. Alinitambua, alikuwa ananitukana kutoka juu ya waya. Bi Mwanaidi chini alisimama muda wote mkono juu, akichoka anabadilisha wa kushoto. Bi Time aliniletea chai siku hiyo, akaiweka chini karibu na mguu wangu.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, kunguru alishuka. Kulikuwa na bomba linalovuja pembeni ya ua, na chini yake tope. Alikuja kunywa. Nikamweka kwenye darubini. Nyuma yake tope, nyuma ya tope udongo, na mbele ya hapo ukuta wa mawe wa kimo cha mtu. Kidole changu nikakiweka pembeni ya kifyatulio, siyo juu yake. Nikasubiri. Bi Mwanaidi akatazama geti. Akatazama uchochoro. Akahesabu madirisha, moja baada ya jingine, namuona midomo inacheza. Kunguru akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Moyo wangu ulikuwa unagonga kwenye kitako cha bunduki. Akikunja magoti, nikajiambia, na akunje. Aende. Nitarudi kesho.

Mkono ukashuka.

Nikatoa pumzi nusu, nikapiga. Kunguru akalala pale pale kwenye tope, bila hata kufungua bawa.

Bi Time alivuta pumzi ndefu. Nikatoa kijaluba, nikafungua, nikachungulia, nikaiweka bunduki chini. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kama ya mtu anayekokota kitu kizito. Alikuwa Maalim. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, upande mmoja unavuta, wa pili umelala.

"Anasema nini?" nikauliza.

Bi Time aliinama, akatega sikio. "Sema, Nassor. Polepole."

"Ri... sasi," Maalim akasema. Jasho lilimtoka. Akasubiri, akakusanya nguvu. "I... ko wapi?"

Kisha nikainuka, nikashuka ngazi zile, nikaingia uani. Nikamsogeza kunguru, nikapiga magoti kwenye tope na kisu changu. Bi Mwanaidi aliniuliza nimepoteza nini, nikamwambia, akapiga magoti na yeye, akapandisha mikono ya buibui. Tulichimba kwa vidole. Tulilichuja tope lile kiganja kwa kiganja, muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi niliona hofu ya kutokujua risasi yangu imekwenda kulala wapi. Ilikuwa chini, kina cha mkono mpaka kifundoni, imebapa kama kifungo cha shati la mtoto.

Nikaiosha bombani. Nikapanda. Nikamwekea Maalim kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Aliipapasa kwa dole gumba, upande huu, upande ule, kama mwalimu anayekagua kazi ya mwanafunzi asiyemwamini. Halafu akafunga kiganja, akageuza uso dirishani, akafumba macho.

Bi Time alimvutia shuka mpaka kifuani. Tulimngoja afumbue macho. Pumzi zake zikawa ndefu, zikatulia, na tukafahamu kwamba amelala.